Nyuzi Sabini na Mbili

New York, 8 Februari 1981

Mjomba Idris,

Shikamoo. Najua hutaitikia, maana huu ni mwaka wa pili hujaniitikia, lakini shikamoo ni yako hata ukiikataa. Goti linaendeleaje? Bado unachota theluji mlangoni peke yako kwa ubishi, huku jirani na koleo lake anakutazama dirishani? Mimi mzima. Nahudumia meza kwenye mgahawa wa Waukraine huku Second Avenue, na kila nikitoka kazini nanuka kabichi kuanzia nywele mpaka soksi.

Nianze na lililo zito. Niliuza piano. Ile uliyoifufua kwa mikono yako pale sebuleni, nyundo moja baada ya nyingine, ukanipa siku nilipopata nafasi chuo cha muziki. Chuo nikakiacha, piano nikaiuza, nikanunua gitaa la umeme na spika yake, na wewe sikukwambia. Ukaja kuambiwa na mnunuzi, mtu baki, aliyekuta kadi yako imebandikwa ndani ya kifuniko akakupigia simu kuuliza utakuja lini kuityuni, kuzikaza nyuzi zake upya. Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki! Kila nikiikumbuka ile simu natamani sakafu ipasuke niingie. Nisamehe, Mjomba. Sikuandika mapema kwa sababu ya aibu, na leo nimeandika kwa sababu nina shida. Huo ndio ukweli wote.

Shida yenyewe ni hii. Kuna mwanamke anaitwa Odile Ransom. Ana miaka thelathini na mbili, mwembamba, hana simu, mchana anasugua sakafu za watu kwa mashine. Ametunga kitu cha magitaa kumi na mawili ya umeme, yote yakipigwa kwa pamoja, na mpiga ngoma mmoja. Usicheke. Kila gitaa lina nyuzi sita, na zote sita zimefungwa kwenye noti moja, mi, ile ya do-re-mi. Magitaa manne yana mi ya chini, manne ya kati, manne ya juu. Kina sehemu nne, karibu saa nzima. Hatupigi wimbo, Mjomba. Tunazisugua nyuzi mbiombio bila kupumzika mpaka mkono unakufa ganzi, na Odile anasimama mbele yetu anaipandisha sauti kwa mikono kama mtu anayenyanyua shuka zito lililolowa. Sijawahi kuona mtu anasikia kama yule. Katikati ya ngurumo ya watu kumi na wawili anakunyooshea kidole wewe, wewe hasa, uzi wako wa tatu umelegea.

Sasa sikia. Januari tulikuwa tunafanya mazoezi kwake, ghorofa ya nne, Mtaa wa Broome. Tulipofika sehemu ya nne, kwaya ikaimba. Haki ya Mungu. Sauti za watu, wanaume na wanawake, juu ya magitaa, zinapanda polepole. Niligeuka kutazama nani kawasha redio. Hakuna aliyewasha redio. Kazimir, yule wa gitaa la nane, mtu wa kilo mia anayebeba fanicha, alikuwa anapiga huku machozi yanamtiririka. Tulipomaliza tukasahau chai mpaka maji yakakauka jikoni.

Ilikuja mara tatu. Halafu ikapotea, na sasa ni wiki mbili. Tunapiga yale yale, mikono ile ile, na tunachopata ni kelele safi tu. Odile haonyeshi, lakini amekonda, na siku ya kupiga mbele ya watu ni tarehe 26 Aprili. Simjui mtu mwingine aliyekaa miaka thelathini na tano akisikiliza nyuzi. Ile kwaya ilitoka wapi, na imekwenda wapi?

Mpwa wako,
Nerys


Scranton, 19 Februari 1981

Nerys,

Barua imefika. Goti linauma. Theluji naichota.

Habari ya piano sitaizungumza.

Kwaya haiondoki bila kufukuzwa. Niambie: kati ya mara ya mwisho mlipoisikia na mara ya kwanza mlipoikosa, mlibadilisha nini? Usiniambie hakuna. Chumba, nyuzi, spika, mtu, joto, kitu. Na anayetyuni ni nani, na anatyuni vipi?

Idris Pryce
Fundi wa Piano


New York, 1 Machi 1981

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya siku ya Mtakatifu David, mtakatifu wa watu wetu. Natumaini umevaa ua lako la njano la sikukuu kanisani na hukuliacha likanyauka kwenye koti mpaka Pasaka kama mwaka ule. Ile barua yako, lo! Umenipigia na mhuri wa biashara! Nimeibandika ukutani hivyo hivyo, risiti yangu. Afya yangu ni njema, vidole tu vimechubuka.

Swali lako limenikosesha raha siku nne. Niliapa hatukubadilisha kitu. Chumba ni kile, watu ni wale. Halafu nikiwa namwaga supu kwenye bakuli la mteja nikakumbuka, nikamwaga na mezani.

Kutyuni. Zamani tulikuwa tunatyuni kwa masikio, saa nzima, na ugomvi juu yake. Mmoja anasema wangu uko sawa, mwenzake anasema wako uko sawa na paka wa nani? Januari mwishoni Trent, gitaa la pili, akaleta mashine kutoka studio anakofanya kazi. Ni kisanduku chenye taa zinazozunguka. Unapiga uzi, taa zikisimama tuli ujue uzi umenyooka, uko kwenye noti yake hasa. Tulishangilia! Dakika ishirini, nyuzi zote sabini na mbili zimenyooka kama askari. Odile mwenyewe alimbusu Trent kwenye paji la uso.

Na kwaya tumeikosa tangu siku ile ile. Lakini haiingii akilini. Inawezekanaje usawa uharibu kitu? Wewe maisha yako yote umefanya kazi ya kusawazisha.

Juzi Odile alisema kitu nimekiandika ili nikuletee. Trent alimuuliza, hiyo kwaya unataka iimbe nini hasa? Akasema: "Sitaki iimbe kitu. Nataka ijue kwamba tupo." Anayesema hivyo kavaa ovaroli yenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anakula kiazi cha kuchemsha kwa mkono. Ungempenda.

Mpwa wako (na wewe ukumbuke kwamba barua husainiwa hivyo),
Nerys


Scranton, 14 Machi 1981

Nerys,

Tumepata siku mbili za jua, matope kila mahali. Goti limetulia. Ua nililivaa, na limetupwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo funga mdomo.

Kwaya yenu mmeifukuza kwa ufagio. Mmefagia mpaka mmemfagia na mwenye nyumba.

Sikiliza vizuri, maana sipendi kurudia. Noti moja ya piano, kuanzia katikati kwenda juu, ina nyuzi tatu. Fundi mchanga huzinyoosha zote tatu mpaka ziwe kitu kimoja, anajisifu, anachukua kofia yake, anaondoka, na piano inabaki inalia kama kijiko kwenye kikombe. Mimi huacha uzi mmoja uteleze. Unywele tu. Nyuzi mbili zinazokaribiana bila kukutana huanza kusukumana, na sauti inatikisika: wau… wau… wau… Hapo noti inapumua. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nilifanya nini, wanasema tu kwamba piano imeimba.

Ulikuwa mdogo, lakini kwaya ya kanisa letu utaikumbuka. Zamani za babu yako walikuwa wanaume sitini, wametoka shimoni kuchimba makaa, na masizi kwenye kope. Hakuna hata wawili waliokuwa kwenye noti moja sawasawa. Mzee Rhydderch alikuwa chini kidogo maisha yake yote. Tulimcheka mpaka basi. Siku tuliyomzika, besi nzima ilikwenda naye. Kwaya ni watu wengi wanaojitahidi kufika mahali pamoja na hawafiki. Sasa tumebaki kumi na mmoja, na kila mtu anasikika peke yake, masikini ya Mungu.

Basi, mashine mrudishie mwenyewe na shukrani zake. Tafuta gitaa moja la kati, unyooshe uzi mmoja tu, huo ndio mama. Wa pili uweke juu yake kwa unywele, wa tatu chini yake kwa unywele, hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha gitaa linalofuata. Mtikisiko uwe wa polepole, mtu anavyopumua akiwa amelala. Ukisikia unapepesuka kama mlevi, umezidisha, rudi. Usitumie spika. Gitaa likiwa bila umeme, piga uzi na uweke sikio kwenye ubao wake, litakwambia lote.

Nimetia ndani ya bahasha utepe wa sufu nyekundu. Upitishe kati ya nyuzi ili zile usizozitaka zinyamaze. Ni wa kwangu wa siku zote, ninao mmoja mwingine tu. Huu usiuze.

I. P.


New York, 5 Aprili 1981

Mjomba,

Shikamoo! Hili kofi la utepe limenifika, na nililistahili. Hujambo lakini? Huku miti imeanza kuchipua na mapaipu ya joto bado yanazimwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, kwa hiyo tunapiga na makoti.

Imerudi! Ngoja, usishangilie bado. Nilifanya kama ulivyosema. Trent alinuna, akachukua kisanduku chake. Nikalaza sikio kwenye ubao, nikapitisha utepe, nikatafuta ule mtikisiko. Mjomba, siku niliyousikia mara ya kwanza niliruka! Miaka yote nilikuwa nakutazama umeinama ndani ya piano za watu umefumba macho, nikidhani unasinzia. Kumbe ulikuwa huku.

Jumapili iliyopita tukapiga, na kwenye sehemu ya nne kwaya ikaja, ikakaa nusu dakika, ikaondoka. Odile alishusha mikono akakaa sakafuni akicheka. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa mjomba wangu, fundi wa piano, ambaye hazungumzi nami ila kwa posta.

Lakini nusu dakika haitoshi. Nyuzi sabini na mbili ni nyingi kwangu. Nikifika wa arobaini masikio yanachoka, naanza kusikia ninachotaka kusikia, na zile za mwisho zinaharibu za mwanzo. Jana haikuja kabisa. Wengine wanasema tuikate sehemu ya nne, tumalizie ya tatu, watu hawatajua. Odile amesema atangoja mpaka tarehe 26 yenyewe: tutajaribu saa saba mchana ukumbini, na kama kwaya haipo, ataikata. Alisema kwa upole, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Miaka mitatu ameitunga hii kazi, Mjomba, na yote imejengwa ili ifike pale.

Kwa hiyo naomba, na naomba nikiwa nimepiga magoti yote mawili, mazima: njoo. Basi la Scranton linafika asubuhi. Ni ukumbi wa zamani wa chama cha washonaji, Mtaa wa Eldridge, na tunapiga saa kumi na moja jioni kwa sababu majirani wa huko hawakawii kuita polisi usiku. Magitaa yatalala pale tangu Jumamosi. Njoo utyuni, halafu ukae mstari wa mbele usikie. Utalala kitandani kwangu, mimi nitalala sakafuni.

Mpwa wako,
Nerys


Scranton, 11 Aprili 1981

Nerys,

Umeandika vizuri, na nusu dakika si mchezo. Hongera.

Siji. Nitakwambia kwa nini, na hajui mtu mwingine yeyote hapa mjini, kwa hiyo ibaki kwako. Sikio langu la kushoto limekufa. Ndani mna filimbi inayolia mchana kutwa. La kulia limebaki, nalo linapungua kutoka juu: noti nane za mwisho za piano nazityuni kwa kubahatisha na kwa ncha za vidole. Daktari wa Wilkes-Barre ameniambia waziwazi, kelele moja kubwa, Bwana Pryce, na hilo nalo litakwenda. Magitaa kumi na mawili na spika zake si kelele moja. Na nani atamwita fundi wa piano aliye kiziwi?

Lilianza mwaka ule nilipokupa piano, kabla ya ile simu. Nadhani sasa nikwambie na hili. Sikukasirika kwa sababu uliacha chuo, watu huacha vyuo. Ile piano ndiyo ya mwisho niliyoityuni nikiisikia yote, noti ya kwanza mpaka ya themanini na nane. Nilijua hivyo siku ile ile nilipofunga kifuniko. Nikakupa wewe. Halafu mtu ananipigia simu ananiuliza kama nina nafasi Alhamisi.

Basi. Yamekwisha semwa.

Kunywa maji ya moto, na ukityuni pumzika kila nyuzi kumi na mbili.

Idris


New York, 15 Aprili 1981

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa zamu, nikajifungia stoo kati ya magunia ya viazi, nikalia mpaka mwenye mgahawa akaja kugonga. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua, wala sistahili kuambiwa, na umeniambia.

Sasa mimi ndiye ninayekukataza: usije. Nikikuona pale mlangoni nitakurudisha kituo cha basi kwa kukubeba, na goti lako hilo. Sehemu ya nne ikikatwa, ikatwe. Kwaya zipo nyingi, sikio lako ni moja. Nitaamka mapema nitafanya ninavyoweza kabla ya kwenda kazini. Jumapili hiyo zamu yangu ni ya asubuhi mpaka saa tisa na nusu, majaribio ya saa saba watayafanya bila mimi.

Niandikie neno moja tu kwamba umenielewa.

Mpwa wako,
Nerys


New York, 28 Aprili 1981

Mjomba,

Shikamoo. Hukunijibu lile neno moja. Sasa najua kwa nini, na sijui niikumbatie karatasi hii au niirarue. Sikio liko wapi? Hilo kwanza. Sikio la kulia linaendeleaje?

Nakueleza yote kama yalivyonipata. Jumapili asubuhi na mapema nilikwenda ukumbini nikatyuni magitaa mawili tu, nikakimbilia kazini. Saa kumi na robo nikarudi na aproni yangu mkononi, nakuta wenzangu wote wamesimama nje ya jukwaa wamenuna. Magitaa yamepangwa kwenye viti, kumi na mawili, na mbele yake kuna kibao, mwandiko wa Odile: ATAKAYEGUSA KIFUNGUO CHA UZI NITAMKATA KIDOLE. Majaribio ya saa saba ameyafuta. Trent anafoka, Kazimir anamuuliza kila mtu kama amekula. Nikamfuata Odile: nani katyuni? Akasema, "Zimetyuniwa." Tunakata sehemu ya nne? Akasema, "Hatukati kitu." Hakunitazama usoni.

Watu wakaja. Mia mbili na zaidi, wengine wamekaa madirishani. Tukaanza, na moyo wangu ukaanguka. Sauti ilikuwa juu, Mjomba! Kali, imebana. Sehemu ya kwanza ikapita hivyo, ya pili hivyo. Nilikuwa nasugua nyuzi huku najilaumu, nikidhani ni yale magitaa mawili yangu. Watu wanatoka jasho, mimi natoka jasho, ukuta wenyewe unatoka jasho. Katikati ya sehemu ya tatu nikasikia kitu kimelegea kidogo, mtu anavyolegeza mabega. Nikamwona Odile amesikia pia.

Sehemu ya nne akainua mikono, na wakaja. Si nusu dakika. Dakika tisa! Tulikuwa kumi na wawili na mpiga ngoma, na waliokuwa wanaimba mle ndani ni mamia. Wanaume chini, wanawake juu, na juu yao kabisa sauti za watoto ambazo hakuna gitaa linaloweza kuzitoa. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alisimama akageuka nyuma kutafuta kwaya ilipokaa. Odile hakuwa anapandisha chochote tena, mikono imebaki hewani wazi, uso umelowa, anasikiliza tu kazi yake ya miaka mitatu ikijua kwamba tupo. Sitaona kitu kizuri kuliko kile mpaka naingia kaburini. Tulipoacha kupiga wale walioimba waliendelea kidogo, naapa, kisha wakanyamaza. Halafu watu wakapiga makofi.

Nikaenda kulirudisha gitaa kwenye kasha. Ndani ya kasha kuna utepe wa sufu nyekundu, umeviringishwa kwa ncha kuingizwa ndani, unavyoviringisha wewe. Nikatia mkono mfukoni. Wa kwangu ulikuwepo.

Nikamshika Odile kwa ovaroli. Akasema ulifika saa tatu asubuhi na tai ya kanisani na begi la vifaa, ukagonga, ukamwambia, "Mimi ndiye mwenye piano." Akasema hakuelewa maana yake lakini akakufungulia. Akasema ulifanya kazi saa tano bila spika, sikio kwenye ubao, gitaa baada ya gitaa, hukukaa, na chakula ukakataa. Kwamba uliuliza watakuja watu wangapi na madirisha yanafunguka au hayafunguki, ukasema ukumbi utapata joto, nyuzi zitashuka, nene na nyembamba hazishuki sawa, kwa hiyo unaziacha juu, na asiguse mtu yeyote hata zikisikika vibaya, zitafika zenyewe saa yake. Na kwamba nisiambiwe mpaka mwisho.

Jumapili, Mjomba! Wewe uliyekwenda kanisani ukiwa na homa ya mapafu!

Nilikimbia nje na gitaa mgongoni mpaka kituo cha basi. Basi lilikuwa limeondoka. Sasa niambie. Uliondoka bila kusikia? Uliityuni yote ile kisha ukaondoka bila kusikia hata noti moja?

Mpwa wako,
Nerys


Scranton, 4 Mei 1981

Nerys,

Sikio lipo. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bi Vaughan, piano yake ni ile ile na malalamiko yake ni yale yale, vyote nimevisikia vizuri. Goti ndilo limenilipisha. Kanisani wameniletea mtu nyumbani kutazama kama nimekufa.

Yale magitaa mawili yako ya asubuhi nikwambie sikuyagusa. Nililaza sikio, nikasikiliza uzi mmoja mmoja, nikayapita, joto likija yashuke chini kidogo ya mengine.

Sikuondoka. Ng'ambo ya barabara kuna duka la vifungo, limefungwa Jumapili, lina ngazi tatu. Nilikaa pale na pamba kwenye masikio yote mawili na kofia juu yake. Sehemu zile tatu nilizisikia kwa nyayo. Polisi mmoja akaja akaniuliza, "Mzee, umepotea?" Nikamwambia namsubiri mpwa wangu, yuko kazini. Akatazama ule ukumbi unavyonguruma, akanitazama mimi, akaniachia nusu ya mkate wake.

Halafu ukuta ukaanza kuimba. Matofali yalikuwa yamechuja ngurumo yote ikabaki ndani, kilichotoka barabarani ni watu tu. Nikatoa pamba. Usinigombeze, ni ya sikio la kulia tu, na nilikuwa mbali. Miaka ishirini nilikuwa nimejiambia kwamba wanaume sitini sitawasikia tena katika dunia hii. Niliwasikia, Nerys. Nikawapanga kama zamani, besi huku, sauti ya pili huku, nikawatafuta mmoja mmoja. Na Rhydderch alikuwepo. Chini kidogo.

Mwambie Bi Ransom kwamba nimeishi kati ya waimbaji na wajenga vinanda maisha yangu yote, na sijakutana na sikio kama lake. Mwambie vilevile ale.

Ningeweza kukwambia sikukungoja kwa sababu ya basi. Si kweli. Uso wangu haukuwa wa kuonyesha watu.

Kuhusu ile piano: miaka miwili nilikuwa najiuliza imegeuka kuwa nini. Sasa najua, na sitauliza tena.

Kanisa wanataka piano yao iwe tayari kwa Juni. Mpaka noti ya themanini naiweza. Zile nane za juu sizisikii, na sitaki kuzibahatisha tena mbele ya watu wanaoniamini. Njoo na masikio yako na ule utepe. Kitanda chako kipo pale pale, utalala kitandani.

Na ile shikamoo yako ya tarehe nane Februari, na zote zilizofuata: marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mjomba wako